Mpanda Farasi Aliyetakiwa Kumeza

Msomaji usiyekula nguruwe, ziba pua au fungua ukurasa mwingine, maana habari hii ni ya nguruwe mwanzo hadi mwisho. Lakini usidhani nguruwe ndiye atakayekutia kichefuchefu. Mimi nimechinja nguruwe tangu nikiwa msichana, nimeosha matumbo yao kwa maji baridi mpaka vidole vikafa ganzi, wala sijaona kwao uchafu kama ule niliouona kwenye chumba cha wapanda farasi, siku nilipokwenda kuchukua vitu vya ndugu yangu Eraste.

Eraste alikuwa ameanguka wiki ile. Farasi wake alijikwaa kwenye kona ya mwisho, yeye akatupwa chini, na farasi aliyefuata akamkanyaga goti. Daktari akasema basi, mbio zimekwisha. Alikuwa na miaka arobaini na moja na hakuwahi kufanya kazi nyingine yoyote. Mimi ndiye dada yake mkubwa, Ozite, mwenye duka la nyama, kwa hiyo mimi ndiye niliyepanda pikapu kwenda uwanjani kufungasha tandiko lake na buti zake.

Mzee mtunza chumba akanipitisha ndani wakati hakuna mtu. Nikaona meza ya chakula. Nyama ya kuchoma imebaki kwenye sinia, viazi, nusu keki. Karibu kabisa na meza palikuwa na mlango, na nyuma ya mlango bakuli. Halikuwa choo. Bakuli jeupe la chuma, pana kama hori la nyumbu, limejengewa ukutani usawa wa kifua cha mtu mfupi, lina bomba lake la maji, na pembeni lina vishikio viwili vya kujishikiza unapoinama.

"Hili la nini?" nikauliza.

"La kurudishia, mama. Wanakula pale, wanarudisha hapa, ili wasizidi ratili wanazopimiwa kabla ya mbio. Wewe ndiye dada yake Mbu? Aa, Mbu alikuwa hodari! Hakuhitaji hata kutia kidole."

Alisema kwa fahari, kama mtu anayekusifia mwanao kwa kufaulu mtihani.

Kwamba Eraste alikuwa anarudisha chakula, nilijua. Sikujua kwamba walimjengea mahali. Nilisimama nikiviangalia vile vishikio. Kuna mtu aliketi na penseli akavichora. Fundi akaja akapima urefu. Tajiri mwenye uwanja akalipa, kisha akaenda kula chakula chake cha mchana na mkewe. Na kati yao wote hakuna aliyesema, jamani, hebu kwanza, tunajenga nini hapa?

Nikabeba tandiko, nikatoka bila kuaga.

Kwetu mtoto mwepesi ni bahati, au ndivyo wanaume wanavyosema. Baba alimpandisha Eraste farasi akiwa na miaka minane, kwenye zile mbio za malishoni ambapo watu hufungia farasi kwenye uzio, hunywa bia na kuweka dau. Alikuwa mdogo, mkavu, macho makali, wakamwita Mbu. Akashinda. Akashinda tena. Alipofika miaka kumi na saba mawakala wakamchukua kwenye viwanja vikubwa, na tangu hapo tukawa tunamwona sikukuu kwa sikukuu.

Akija, alikaa mezani kama mtu mwingine. Mama alimjazia sahani wali na mchuzi wa bata, yeye alikula yote, akasifu, kisha akatoka nje taratibu kuelekea banda la kuku. Kuku walimjua. Wakimwona tu anashuka ngazi za nyuma, walianza kumkimbilia, maana walijua kinachokuja. Na sisi ndani tuliongea kwa sauti kubwa zaidi, tukagonganisha vijiko, ili tusisikie. Mayai ya kuku wale tulikula. Sasa nimekuambia, nawe tapika ukitaka.

Basi akarudi nyumbani na goti la vyuma, uso umekunjamana kama zabibu kavu, meno ya nyuma yameliwa na ile tindikali ya tumboni mpaka yamebaki visiki. Daktari wetu wa mjini, mtu asiyependa maneno mengi, alimpima damu akaniita na mimi nisikie.

"Chumvi za damu zimemwishia. Akiendelea kurudisha chakula, moyo utasimama siku moja kama saa isiyotiwa ufunguo. Atakula, na chakula kitakaa. Sina dawa nyingine."

"Lakini sirudishi kwa kutaka, daktari," Eraste akasema. "Kinapanda chenyewe. Kama farasi anayeijua njia ya zizini."

Ilikuwa miaka ile bei ya mafuta ilipoporomoka, visima vya mafuta vimefungwa, wanaume wazima wanashinda barazani wakicheza karata. Kazi hakuna. Muuza magari mmoja wa barabara kuu akamwajiri Eraste, nami nikafurahi, mjinga mimi. Kumbe alimtaka avae shati lake la hariri la mbio na akae juu ya farasi wa mbao wa watoto, katikati ya magari, wateja wapige naye picha. "Mbu, piga mjeledi! Mbu, cheka!" Nilipita pale nikamwona. Nikasimamisha pikapu katikati ya barabara.

"Shuka hapo."

"Dada, nipo kazini."

"Hiyo ni kazi ya tumbili. Shuka, au nikushushe mimi mbele ya hawa watu."

Akashuka. Kesho yake nikamfunga aproni.

Kisu alikijua. Mikono iliyoshika hatamu maisha yote ni mikono sikivu. Alitenganisha bega la nguruwe na mfupa wake kama mtu anayemvua mtoto koti. Ila pesa ya duka letu haitoki kwenye mabega. Inatoka kwenye budani, ile soseji yetu ya wali, nyama na maini iliyojazwa kwenye utumbo, ambayo watu huja kuipangia foleni Jumamosi asubuhi na kuila ya moto wamesimama. Aliyekuwa akiitia viungo kwa miaka yote ni Mzee Valsin, mjomba wetu, tena baba wa ubatizo wa Eraste. Kiharusi kilikuwa kimempokonya ladha ulimini. Chumvi na sukari kwake vilikuwa kitu kimoja. Mimi viungo vyangu ni vikali mno, kama mdomo wangu, watu hawavitaki. Mzee akasema ni zamu ya Eraste, na Eraste akakubali. Usiku mmoja aliniambia anaitaka kazi ile kuliko alivyowahi kutaka farasi yeyote. Nikamwambia aache hotuba, amenye vitunguu.

Sasa elewa kitu kimoja. Huku kwetu hakuna anayepima viungo kwa kijiko. Unatia chumvi, unatia pilipili nyekundu, majani ya vitunguu, unaonja. Na anayeonja humeza. Mtengeneza budani akitema, watu wanajua ana habari za nyama ile ambazo wao hawana. Mtoto wa kwetu anayajua haya kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Eraste aliyajua pia. Lakini miaka yote ile uwanjani alikuwa amejifunza kutafuna kitu kwa ajili ya ladha tu, kisha kukitema kabla hakijamwongezea uzito. Mdomo wake ulikuwa umezoea kutema bila kumwuliza.

Jumamosi yake ya kwanza peke yake jikoni, foleni imefika mlangoni, yeye yupo kwenye sufuria nyuma ya kaunta, kila mtu anamwona. Akachota, akapuliza, akazungusha mdomoni, akafumba macho. Kisha, *pyuu*, akatema kwenye ndoo iliyokuwa mguuni pake. Safi, bila hata tone pembeni. Akatia chumvi kidogo akaendelea kukoroga.

Mikono iliyonyoosha pesa ikarudi mifukoni. Mimi niliyekuwa nakata karatasi ya kufungia nikaona nyuso zile, nikajua.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Eunola Dugas, mjane, mwanamke ambaye siri kwake haikai hata kwa dakika ya kuvuka barabara. Akarudisha juu ya kaunta, kwa ncha za vidole, furushi nililokwisha kumfungia.

"Ozite, mwenyewe kaitema."

"Ni mazoea yake tu, Eunola. Alikuwa mpanda farasi."

"Na mimi nilikuwa mke wa mtu, sijatema chakula changu mbele ya wageni. Kuna nini humo ndani?"

"Maini na wali, kama miaka yote!"

"Basi ameze tuone."

Eraste akageuka. Alikuwa amekwisha kuelewa, shingo yote nyekundu. Akachota kijiko kizima, akameza. Watu wakamwangalia. Akasimama, akashika ukingo wa meza, kisha akatupa kijiko na kukimbilia mlango wa nyuma akichechemea, na safari hii hakukuwa na mtu wa kugonganisha vijiko. Tulisikia yote.

Kufikia saa sita parokia nzima ilikuwa na habari. Jumamosi iliyofuata foleni haikuwepo. Jumamosi ya pili tukawapa nguruwe zizini budani ya nguruwe, nao wakala bila swali. Kiumbe pekee ambacho hakikumcheka ndugu yangu mwezi ule kilikuwa kinakula jamaa zake.

Hapo ndipo alipotokea Dudley Vidrine, kwa gari refu jeupe. Huyu alikuwa wakala wa Eraste miaka kumi na tano: ndiye aliyemtafutia farasi, ndiye aliyekula asilimia yake. Mnene, nadhifu, viatu vinang'aa, na daima ana kikombe cha karatasi mkononi cha kutemea maji ya tumbaku. Akakiweka kile kikombe juu ya kaunta yangu. Nikakiangalia. Hakuelewa.

"Mbu wangu! Nimesikia unapika. Kha kha! Mbu anapika!" Akatema kikombeni. "Sikiliza. Nafungua shule ya wapanda farasi wachanga. Nakutaka wewe uwe mwalimu."

"Goti langu limekufa, Dudley. Siwezi kupanda."

"Nani kasema upande? Kupanda wanajua. Wafundishe yale mengine. Namna ya kulinda ratili zisizidi. Vijana wa siku hizi wanarudisha vibaya, wanajiumiza koo. Wewe ulikuwa msanii."

Eraste akaendelea kupanga nyama. Na hicho ndicho kilichoniudhi kuliko tumbaku: hakukataa. Niliona macho yake. Mtu amedharauliwa na parokia nzima, halafu mmoja anamwita msanii.

"Toa kikombe chako hapo," nikamwambia Dudley.

"Samahani, dada Ozite."

"Mimi si dada yako. Na usikiweke kwenye mizani pia."

Mzee Valsin alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na jiko. Maneno yalimtoka upande mmoja wa mdomo tangu kiharusi, lakini yalitoka.

"Jumamosi kabla ya Kwaresima tunachinja nguruwe wa ukoo," alisema. "Mbu atatia viungo mbele ya watu wote. Atakula kipande cha kwanza, kizima, kama nilivyokuwa nakula mimi. Na atakaa mezani mpaka kahawa. Akikaa, kazi ni yake na hakuna atakayesema neno. Akiinuka, basi."

"Nikiinuka, nitakwenda na Dudley," Eraste akasema.

Dudley akatabasamu. "Nitakuja kukuchukua siku hiyo hiyo. Nitakula na mimi."

Tulikuwa na majuma matatu. Kila jioni baada ya kufunga duka nilimketisha Eraste kwenye ngazi za nyuma na bakuli dogo la wali mkavu. Alikula vijiko viwili, kisha akakalia mikono yake, kweli, akaikalia kama mtoto aliyekatazwa kuiba, mimi nikasali rozari. Alitakiwa akae mpaka niimalize.

"Sali haraka, dada."

"Bikira Maria hapendi kukimbizwa. Kaa."

"Kinapanda."

"Kiambie kishuke. Kwani nani mkubwa, wewe au wali?"

"Usinichekeshe, mama wee, usinichekeshe..." Akainama, akatapika kati ya viatu vyangu.

Nilimtukana. Nikafuta viatu, nikamtukana tena, nikaleta vijiko vingine viwili. Sikumbembeleza hata siku moja, maana niliona kwamba akibembelezwa atalia na akilia atatapika. Juma la pili akafika nusu ya rozari. Juma la tatu aliimaliza mara mbili bila ajali, lakini ule ulikuwa wali mtupu, usio na mafuta wala maini, na hakuna aliyekuwa anamwangalia isipokuwa mimi.

"Uwanjani unajua wanakuambia nini?" aliniuliza jioni moja, jasho linamtiririka. "Kwamba kikikaa, wewe ni mzembe. Kwa mtu mwenye nidhamu hakikai. Nilikuwa na nidhamu sana, dada."

"Nidhamu ya choo," nikasema. "Kaa."

Siku ikafika, baridi nzuri ya kuchinjia, pumzi zinaonekana. Ukoo wote ulikuwepo kabla jua halijatoka, na majirani, na Eunola Dugas na sahani yake mwenyewe, kwa sababu hakuna msiba wala sherehe inayompita. Nguruwe akachinjwa, damu ikakingwa, maji ya moto yakamwagwa, manyoya yakakwanguliwa. Wanaume wakakata, wanawake tukaosha matumbo. Dudley alifika na gari lake jeupe saa nne, akapewa bia, na ndani ya nusu saa alikuwa anacheka na binamu zangu kama amezaliwa nao. Sanduku la nguo za Eraste alilikuta tayari barazani. Mwenyewe alikuwa amelifungasha usiku, bila kuniambia.

Eraste akatia viungo. Akasimama juu ya kreti ili afikie ile sufuria kubwa, akachota, akaonja, akameza. Akatia pilipili. Akaonja, akameza. Mara tatu. Mzee Valsin, ambaye hakuweza kuonja lolote, alikuwa anamwangalia koo tu. Wote walikuwa wanamwangalia koo. Nimeona watu wakimwangalia jogoo wa kupigana hivyo.

Tukajaza matumbo, tukachemsha, meza ndefu ikawekwa chini ya paa la ghala. Kipande cha kwanza kikawekwa mbele yake, kinene, kinatoa moshi, kinang'aa mafuta.

Akala. Alikula bila kuharakisha na bila kuinua macho, akafuta mafuta kwa mkate, akaula na mkate. Kisha akaiweka mikono yake chini ya mapaja, akaikalia.

"Ehe, Mbu!" Dudley akasema kutoka upande wa pili wa meza. "Ratili ngapi hiyo? Utazidi leo! Choo kiko wapi hapa, jamani, mtu asije akapotea njia?"

Binamu zangu wakacheka. Wakacheka! Walewale waliokula sikukuu zote kwa pesa ya mbio zake.

Eraste akawa mweupe, halafu kijani, halafu mweupe tena. Jasho likamshuka puani katika baridi ile. Nilimwona anameza, anameza tena, kitu kinapanda na yeye anakirudisha chini kama anayefunga mlango dhidi ya mafuriko. Hakuna aliyegusa chakula chake. Nikaona afadhali niilete kahawa mapema, sheria haikusema saa. Nikakimbilia jikoni.

Na huko jikoni, juu ya meza yangu ya unga, nikaikuta kofia.

Kofia ya Mzee Valsin, ya Jumapili. Imejaa noti. Mke wa binamu yangu alikuwa anailinda.

"Hii nini?"

"Usinikasirikie mimi, Ozite. Dudley ndiye aliyeanza. Wameweka dau: atakaa, hatakaa. Wengi wamesema hakai."

"Na mjomba?"

"Mjomba kashika kofia tu, hakuweka."

Nilihisi kile nilichohisi mbele ya lile bakuli. Hapana, zaidi. Bakuli lilijengwa na wageni. Hii ilikuwa damu yangu, watu waliombatiza, wamekaa kwenye benchi na dau mfukoni, wanamtazama mtu anavyopigania tumbo lake, na wengi wao wanamwombea atapike. Farasi hakuwapo tena, wakaona mpanda farasi anatosha.

Nilichukua kahawa mkono mmoja na kofia mkono mwingine. Nikaenda nikaweka birika mbele ya Eraste, *taa!*, na kofia pembeni yake.

"Kahawa hiyo," nikasema. "Na hii ni bei yako leo."

Eraste akamimina kahawa, akanywa. Ikashuka. Akangoja. Akanywa tena. Kisha akaangalia ndani ya kofia kwa muda mrefu, kama mtu anayechungulia kisima.

"Nani aliweka kwamba nitakaa?" akauliza.

Watu wakaangalia sahani zao. Mwisho mtu mmoja akainua mkono nusu, na hutaamini: Dudley.

"Nakujua, Mbu," akasema, anacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. "Biashara ni biashara. Ukiinuka nakupata, ukikaa nazipata hizo. Mimi sipotezi."

"Zichukue."

"Acha basi, ndugu yangu, sikukuu..."

"Zichukue, uondoke. Na kikombe chako."

Dudley akazikomba noti, akaondoka, kofia ikabaki tupu. Hakuacha hata noti moja kwa adabu. Binamu zangu wakaanza kupiga makofi, kweli, kumpigia Eraste makofi, "Safi, Mbu! Tulijua!" na mikono ikaanza kwenda kwenye sinia la budani.

Eraste akasimama. Alikuwa hana haja tena ya kukaa. Akalivuta sinia.

"Mjomba," akamwambia Mzee Valsin, kwa heshima, sauti ya chini, "kazi ni yangu?"

"Ni yako, mwanangu."

"Basi mwenye budani ni mimi. Na leo siwauzii wala siwapi." Akanigeukia. "Dada, shika huku."

Tukaibeba ile sufuria, mimi na yeye, yeye na goti lake na mimi na mgongo wangu, tukaiingiza dukani na sinia juu yake, tukafunga mlango kwa komeo. Siku ya kuchinja nguruwe wa ukoo, watu waliosimama kwenye damu tangu alfajiri wakarudi makwao na njaa. Jambo hilo halijawahi kutokea kwetu, na mpaka leo kuna binamu wawili hawanisalimu. Namshukuru Mungu kwa hao wawili.

Mzee Valsin tulimfungulia baadaye, alipogonga kwa fimbo. Alisimama mlangoni bila kofia. "Nilishika tu," akasema. Eraste alimkatia kipande, akampa. Mzee alikula akilia, na sijui alikuwa analilia nini, maana ladha hakuisikia.

"Kimekaa?" nikamwuliza Eraste, mzee alipokwisha kwenda.

"Kimekaa. Kinaniunguza kama nimemeza mkaa, lakini kimekaa."

"Vizuri. Osha sufuria."

Sanduku lake akalirudisha chumbani. Usidhani amepona. Kuna siku hupotea nyuma ya duka, anarudi macho mekundu, nami siulizi, nampa maji na chumvi kidogo kama daktari alivyosema. Siku hizo zinapungua. Amenenepa kidogo mashavuni. Suruali zake za zamani hazimpandi tena, na alipoona hivyo mara ya kwanza alikaa kitandani nusu siku kama mtu aliyefiwa.

Foleni imerudi. Bila shaka imerudi; watu wetu watamsema mtu mpaka mfupa, lakini budani nzuri wataifuata hata kwa shetani, na hii ya Eraste ni nzuri kuliko ya mjomba. Wanakuja Jumamosi asubuhi, wanajisukuma mbele, wanasubiri aonje. Hawaangalii sufuria, wanaangalia koo lake. Wengine wanawaleta wageni wao. Wanagusana viwiko: sasa, sasa, anameza. Mimi nikiwa nakata karatasi natamani kuwamwagia mchuzi wa moto.

Jumamosi iliyopita Eunola Dugas alikuwa wa kwanza, kama kawaida. Alinyoosha shingo juu ya kaunta mpaka mkufu wake ukagusa mizani.

"Meza, Mbu, tuone."

Eraste akameza. Kisha akakata kipande cha moto, akamwekea mdomoni mwenyewe kwa uma, mbele ya watu wote, Eunola kaachama kwa mshangao.

"Na wewe meza, mama Eunola."

Ilikuwa ya moto kweli. Macho yakamtoka. Akageuka kushoto, kulia, akitafuta mahali pa kutemea, na foleni yote inamwangalia koo.

"Ukitema," Eraste akasema, anafuta kisu chake, "watu watasema kuna kitu kwenye mdomo wako."

Akameza. Machozi yalimtoka, lakini alimeza. Eraste akamfungia furushi lake, akampa.

"Anayefuata," akasema.